Hoteli ya Sambusa Tuliyoila Sisi Wenyewe



Kamati imeniomba mie Mwenyekiti niandike historia kidogo katika kijitabu hiki cha miaka kumi. Mambo ya hisa na mikopo Katibu amekwisha kuyaeleza. Mie nitaeleza tulikotoka, maana mwacha asili ni mtumwa.

Sisi wa Ngamiani hapa Tanga tulio na umri wangu tunaikumbuka hoteli ndogo ya sambusa mtaani kwetu. Ilikuwa na benchi mbili, meza moja na birika kubwa jeusi kwa moshi. Mwenyewe alikuwa mama mjane, sisi watoto tukimwita Bibi tu. Saa kumi alfajiri moto umeshawaka. Manda alitengeneza mwenyewe: anasukuma chapati ndogo, anazipaka mafuta na kuzinyunyizia unga, anazipandanisha, anazisukuma tena pamoja, anazipitisha kwenye chuma cha moto, kisha anazibandua moja moja zingali moto. Nyama yake ilikuwa na vitunguu vingi, thomu, pilipili manga na ndimu. Asubuhi walikula watu wa bandari na wa reli, jioni sisi watoto na thumni zetu mkononi. Jamani, harufu ile ilikuwa inakutoa chuoni kabla hujaruhusiwa!

Hapo hapo ndipo mama zetu walipocheza upatu kila Ijumaa, na Bibi ndiye alikuwa kijumbe. Daftari lake aliliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Hakuna siku mtu alikosa zamu yake.

Ikaja shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, unga wa ngano, sukari, mafuta na hata sabuni viliadimika. Tulipanga foleni duka la kaya tangu alfajiri. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu aliogopa hata kuonekana na mfuko wa unga. Bibi hakufunga. Alichemsha mihogo, chai tukainywa kwa tende. Asiye na pesa alikula, akaandikwa. Mama yangu naye akaandikwa.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Nilikuwa darasa la saba. Unga ukarudi, sambusa zikarudi, lakini madeni hayakurudi. Kila mtu alisema, "Bibi wetu huyu, atangoja." Akangoja mpaka mtaji ukaisha, hoteli ikafungwa. Njaa haikuiua hoteli ile. Tuliiua sisi tulioipenda.

Bibi alipofariki, binti yake alinionyesha daftari. Nilisoma mwenyewe, maana chuo nilipita. Jina la mama yangu lilikuwa kurasa mbili na nusu, jumla shilingi 412. Leo hiyo ni pesa ndogo, lakini siku zile ilikuwa mtaji. Niliona haya sana.

Ndiyo sababu tulipoanzisha kikundi nilishikilia sheria ambayo wengi mliniona mkali: mkopo unaandikwa mbele ya wote, marejesho yanahesabiwa mbele ya wote, na undugu haulipi deni. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu. Bibi alikuwa peke yake na daftari lake.

Mgao wangu wa kwanza sikununua khanga. Nilimpelekea binti yule kilo kumi za unga na mafuta lita tano. Alicheka, akalia, akapokea. Leo ni mwanachama mwenzetu, na sambusa mtakazokula siku ya sherehe ni mkono wake. Tafadhali, mtakaochukua za nyumbani, lipeni hapo hapo.

 Umoja wetu udumu.

Mwenyekiti