Krismasi ya Palermo, 1184

Siku ya Krismasi ya mwaka 1184, Mwislamu aliyekuwa akirudi kutoka hija alisimama kulitazama kanisa moja la Palermo, mji mkuu wa Sisilia. Mgeni huyo alikuwa Ibn Jubayr, mzaliwa wa Valencia na karani wa liwali wa Granada. Ulikuwa pia mwezi wa Ramadhani. Aliyoyaona aliyatia katika kitabu chake cha safari, na kurasa hizo ni miongoni mwa habari bora zilizobaki za mji huo katika karne ya 12.

Waislamu wa Afrika Kaskazini waliutwaa Palermo mwaka 831, na Wanormani, waliokuwa Wakristo, wakauchukua mwaka 1072. Wafalme wapya hawakuyafuta ya zamani. Waliweka makarani wa Kiarabu, wakapiga sarafu zenye maandishi ya Kiarabu, na mfalme Roger II akamwagiza mwanajiografia al-Idrisi amwandikie jiografia ya dunia. Kitabu hicho kilikamilika mwaka 1154, na ndani yake Malindi na Mombasa zimetajwa. Mjukuu wa Roger, William II, ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Jubayr alipofika. Alisoma na kuandika Kiarabu, na msimamizi wa jiko lake alikuwa Mwislamu.

Ibn Jubayr alikuja kwa msiba. Meli ya Wagenoa aliyoipanda katika bandari ya Akka ilivunjika karibu na mji wa Messina mwezi Desemba. Wenye mashua walidai nauli kubwa ndipo wawaokoe abiria, na Waislamu maskini hawakuwa na cha kutoa. Mfalme mwenyewe, aliyekuwa Messina kwa shughuli za jeshi lake la majini, aliwalipia rubai (sarafu za dhahabu) 100. Kutoka hapo Ibn Jubayr aliambaa pwani kwa mashua hadi Termini, kisha akashika njia kwa miguu. Wakristo waliokutana na wasafiri walikuwa wa kwanza kutoa salamu, na kwa upole. Jambo hilo lilimpendeza na kumtia hofu pia: aliona kwamba wema wa namna hiyo ungeweza kuwavuta wasio na elimu waiache dini yao. Usiku alilala Qasr Sa'd, penye msikiti ulioning'inizwa taa 40, na hapo akaisikia adhana baada ya kuikosa kwa siku nyingi.

Palermo ulimkumbusha Cordoba, na kwa mtu wa Andalusia hiyo ilikuwa sifa kubwa. Majengo yalikuwa ya mawe yaliyochongwa, na majumba ya mfalme yaliuzunguka mji kama mkufu shingoni. Waislamu walikuwa na mitaa yao, misikiti yao, kadhi wao, na wafanyabiashara wa masokoni walikuwa wao. Lakini hawakuswali Ijumaa, kwa sababu hotuba ilikatazwa. Waliruhusiwa hotuba ya Idi tu.

Kanisa alilolitazama siku ya sikukuu lilijengwa na George wa Antiokia, amiri wa majeshi ya Roger II, na leo hujulikana kama Martorana. Ibn Jubayr alieleza kuta zilizofunikwa dhahabu, marumaru za rangi, na vioo vya juu ambavyo mwanga wake ulimpumbaza macho. Mnara wa kengele ulimvutia hata akamwomba Mungu siku moja adhana isikike hapo. Kilichomshangaza zaidi ni wanawake. Walikuwa Wakristo, lakini walitoka wamevaa kama wanawake wa Kiislamu: hariri za rangi ya dhahabu, mitandio mizuri, ushungi wa rangi, viatu vilivyonakshiwa dhahabu, vito, hina na manukato. Hata usemi wao ulikuwa wa Kiarabu fasaha. Mahali pengine mavazi humtenga mgeni na mwenyeji; hapa yaliwachanganya washindi na walioshindwa.

Yaliyo chini ya hariri hiyo hakuyaona kwa macho, aliyasikia kwa minong'ono. Messina, towashi mmoja wa jumba la mfalme alikuwa amewatoa watu wote chumbani kabla ya kumkiri kwamba yeye ni Mwislamu anayeificha imani yake. Katika mji wa Trapani, alikoswali Idi na kushangaa kuona watu wakienda uwanjani kwa ngoma na baragumu, baba mmoja aliwasihi mahujaji wamchukue binti yake, wamwoze kwao, ili tu asibaki kisiwani.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. William II alipofariki mwaka 1189 bila mtoto, Waislamu wa Palermo walishambuliwa, na wengi wakakimbilia milimani. Katika miaka ya 1220 mfalme Frederick II alianza kuwahamishia Waislamu wa Sisilia huko Lucera, Italia bara. Ibn Jubayr alikuwa amekwisha kufariki Alexandria mwaka 1217. Kanisa lingali limesimama, na chini ya kuba lake umo mkanda wa mbao uliochorwa maneno ya ibada ya Kikristo kwa herufi na lugha ya Kiarabu.