George Lilanga: mlinzi wa usiku aliyegeuka mchoraji

Picha za Tingatinga, za tembo na twiga wenye rangi kali, wengi wetu wa Kilosa tunazijua. Wanyama wenyewe tunawaona Mikumi kando ya barabara ya Iringa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuzichora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli, na baadaye akaajiriwa Hospitali ya Muhimbili huku akiendelea kuchora.

George Lilanga hatajwi sana vijijini, ingawa kwangu habari yake ina uzito zaidi. Alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, Mmakonde aliyejua kuchonga. Miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam na kupata kazi ya ulinzi wa usiku Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii. Akaonyesha michongo yake, akapokelewa miongoni mwa wasanii, kisha akaanza kuchora. Mashetani wa Kimakonde, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, akawahamishia kwenye picha: wanacheza ngoma, wanapika, wanagombana kama majirani. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimefika Marekani.

Kisha kisukari kikamshika, hadi akakatwa miguu. Hakuacha kazi. Aliendelea kuchora, akisaidiwa na vijana aliowafundisha, mpaka alipofariki mwaka 2005.

Je, picha zilimponya? Kisukari hakiponi kwa brashi. Lakini kuna uponyaji mwingine, wa mtu kubaki na shughuli, kipato na heshima yake. Adrian Hill, mchoraji Mwingereza aliyelazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938, aliliona hilo akichora kitandani, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake. Leo wapo wataalamu wanaotumia uchoraji kuwasaidia waliopata ajali, msiba au vita, hasa yule ambaye maneno hayatoki.

Anayetaka kujaribu aanze na penseli na daftari. Rangi ya mafuta ina harufu kali, kwa hiyo ichorewe mahali penye hewa, mbali na moto. Usiache jembe wala kibanda chako mapema. Tingatinga mwenyewe alichora akiwa na ajira.

Na mwenye kisukari akiona kidonda mguuni, hata kisichouma, akionyeshe zahanati siku hiyohiyo.