Maua ya Shiti: Safari Yake Kutoka Bara Hindi Hata Ulaya

Leo twapenda kuzungumza habari za kitu kinachoonekana katika nyumba nyingi, nacho ni kitambaa chenye maua: pazia la mlangoni, foronya ya mto, au kitandiko cha kitanda. Nguo ya namna hii yaitwa shiti. Neno hili limetoka Bara Hindi, na Waingereza nao walilichukua huko huko, wakasema chintz. Basi kwa jina lake tu twajua ni nani waliokuwa walimu wa kazi hii. Lakini jinsi maua hayo yalivyofika Ulaya ni habari yenye njaa, ghasia na sheria kali.

Katika karne ya 17 mafundi waliosifiwa sana walikaa pwani ya Coromandel, upande wa kusini-mashariki wa Bara Hindi. Maua yao hayakufumwa, bali yalichorwa kwa mkono juu ya nguo ya pamba. Kwanza nguo ililowekwa katika maji ya matunda yenye ukakasi pamoja na maziwa ya nyati, ili mistari isienee ovyo. Kisha fundi alichora kwa kalamu ya mwanzi. Alichokichora hakikuwa rangi yenyewe, bali dawa ya kushikisha rangi: maji ya kutu ya chuma mahali patakapokuwa peusi, na maji ya shabu mahali patakapokuwa pekundu. Nguo ilipochemshwa pamoja na mizizi ya mmea uitwao chay, wekundu ulishika pale tu palipopakwa shabu. Penginepo ulitoka kwa kufuliwa na kuanikwa juani. Kwa buluu walifunika nguo kwa nta, wakaacha wazi mahali pa buluu tu, ndipo wakaitia katika nili. Majani ya kijani yalipatikana kwa kupaka manjano juu ya buluu. Manjano hayo hayakudumu, na kwa sababu hiyo majani ya shiti nyingi za kale yaonekana ya buluu leo. Lakini wekundu, weusi na nili vilistahimili kufuliwa mara nyingi.

Watu wa Ulaya walistaajabu. Mwaka 1643 wakuu wa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki waliwaandikia watu wao wa Surat kwamba walete vitandiko vyenye weupe mwingi nyuma ya maua, maana vile vya wekundu mzito havikupendwa sana. Hivyo mnunuzi alisema alipendalo, na fundi alilichora kwa desturi ya mkono wake. Ua la shiti likawa mtoto wa pande mbili.

Walakini wafumaji wa sufu na hariri wa Ulaya waliona kazi zao zapungua. Ufaransa ilikataza nguo hizo mwaka 1686. Mwaka 1700 Uingereza nayo ilikataza raia wake kutumia shiti zilizotiwa maua huko Mashariki. Wafanya biashara wakapata njia nyingine: walileta nguo nyeupe, zikapigwa maua London. Mwaka 1719 wafumaji wa hariri wa Spitalfields, mtaa wa London, wakatoka barabarani, wakawararulia wanawake nguo za shiti mwilini na kuwamwagia wino. Mwaka 1721 Bunge likapitisha sheria ya kukataza kuvaa nguo nyingi za pamba zenye maua, hata kuzitumia katika vitanda, viti, mito na mapazia. Sisi hatuwezi kuwacheka wafumaji wale, kwani njaa haina adabu. Lakini wanawake wale walioraruliwa nguo njiani si wao waliowaondolea kazi.

Sheria ilizuia nguo, haikuzuia hamu. Mwaka 1742 padre Mfaransa, Coeurdoux, aliyekaa kusini ya Bara Hindi, alieleza kazi hiyo katika barua hatua kwa hatua, kama alivyoambiwa na mafundi waliokuwa Wakristo. Ufaransa iliondoa katazo lake mwaka 1759, na mwaka uliofuata Oberkampf alianza kupiga shiti huko Jouy, karibu na Versailles. Uingereza iliondoa lake mwaka 1774. Mwaka 1783 Thomas Bell wa Scotland alipata hati ya mtambo wa kupiga maua kwa mapipa ya shaba yanayozunguka. Shiti ikawa rahisi, ikapelekwa hata Bara Hindi kwenyewe, na mafundi wengi wa kalamu wakakosa riziki. Ndivyo walimu walivyoshindwa na wanafunzi wao.

Lakini upesi wa mitambo ulikuwa na hasara yake, na mmoja aliyeiona ni Mwingereza William Morris, aliyeishi tangu 1834 hata 1896. Mwaka 1873 alichora shiti iitwayo Tulip and Willow. Wapigaji wakaipiga kwa rangi ya buluu ya kiwandani, naye hakuridhika kabisa. Hakuutupa mchoro wake. Alikwenda kujifunza rangi. Tangu mwaka 1875 alishinda katika kiwanda cha mtia rangi Thomas Wardle, katika mji wa Leek, akichovya nguo katika nili hata mikono yake mwenyewe ikawa ya buluu. Mwaka 1881 alipata kiwanda chake Merton Abbey, kando ya mto Wandle, na mwaka 1883 mchoro ule, uliokuwa umengoja miaka 10, ukapigwa kwa nili. Mwaka huo huo alitoa Strawberry Thief, yaani Mwizi wa Stroberi, kwa kuwa ndege walikuwa wakiiba matunda bustanini kwake Kelmscott. Nguo nzima ilitiwa nili kwanza, kisha ikapigwa kwa vibao vyenye dawa ya kuondoa buluu palipotakiwa weupe, ndipo ikaongezwa wekundu na manjano.

Tena kuna shida nyingine ya mchoraji wa shiti. Kibao ni kifupi, pazia ni refu. Basi tawi likatikalo ukingo wa kulia halina budi kuendelea ukingo wa kushoto, na la juu likutane na la chini. Likikosa kidogo tu, kosa hilo litarudiwa pazia zima. Enyi wanafunzi, jaribuni hivi: choreni ua katikati ya karatasi bila kugusa kingo. Ikateni karatasi katikati toka juu hata chini, mbadilishane nusu hizo mahali, ya kulia ikae kushoto, kisha jazeni majani katika nafasi iliyobaki wazi. Sasa kila nakala ya mchoro itaungana na jirani yake ubavuni.

Mchoro ukiisha kuungana, kazi haijaisha. Yabaki swali ambalo fundi wa Coromandel alijiuliza kabla ya kushika kalamu, naye Morris akalijua baada ya hasara: rangi hii itashikwa na nini?