Miaka 40 ya konzo Tarime: sumu ya muhogo, seli zisizorudi

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 40 tangu ugonjwa wa konzo ulipuke wilayani Tarime. Ukame ulikuwa umebana, muhogo mchungu ndio uliobaki shambani, na watu waliolala wazima waliamka miguu imekakamaa. Waliopigwa zaidi ni watoto na wanawake. Ulemavu huo hauongezeki, lakini hauponi.

Ugonjwa ulikwisha kuelezwa Kongo na daktari Mwitaliano, Trolli, mwaka 1938. Wa Tarime uliandikwa na Howlett, Brubaker wa Hospitali ya Shirati, Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Rosling, Msweden, katika jarida la Brain mwaka 1990.

Rosling alifika kwenye utafiti huo akiwa na jeraha. Mwaka 1981 alikuwa daktari Nacala, Msumbiji, watu walipoanza kupooza miguu mkoani Nampula. Je, ni virusi? Ni silaha ya sumu? Kwa hofu aliwahamisha mkewe na watoto. Meya alipomuuliza kama barabara ifungwe, alikubali. Mabasi yakasimamishwa. Kina mama waliokuwa wakienda sokoni wakaomba wavuvi wawavushe kwa bahari. Mashua ikapinduka, wakafa maji pamoja na watoto wao. Baadaye ikabainika kwamba ugonjwa hauambukizi hata kidogo. Rosling alikiri kisa hicho katika kitabu chake, na hakujisamehe.

Mkosaji alikuwa chunguni. Muhogo mchungu hutoa sianidi. Ukivundikwa au kulowekwa siku kadhaa kisha ukaanikwa vizuri, sumu hupungua. Njaa hufupisha siku hizo. Asiyepata samaki, nyama wala maharage hukosa pia salfa ambayo mwili huitumia kuiondoa sumu, na seli za neva zinazoongoza miguu huharibika.

Seli hizo hazioti tena. Ndiyo maana dunia inahangaika na seli shina, zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine: mwaka 2010 kampuni ya Geron ya Marekani ilianza kuzijaribu kwa walioumia uti wa mgongo, ikaacha mwaka uliofuata; Japani nayo inaendelea. Kwa konzo, tiba hiyo haipo.

Maabara ziendelee. Lakini kwetu Mara, kuanzia Murangi hadi Shirati, kinga ilikwishajulikana kabla ya majaribio hayo kuanza. Ukame ujao utakapobisha hodi, unga wa msaada na maharage vifike kabla mama hajalazimika kupika muhogo ambao sumu yake haijatoka. Kusubiri wagonjwa kwanza, baada ya Tarime, hakuna udhuru.