Mei Mosi ni ya Nani? Wafanyakazi wa Polandi na Jenerali Jaruzelski



Wapendwa waamini, siku chache kabla ya Mei Mosi alinijia ofisini mfanyakazi mmoja wa kiwanda, baba wa watoto wanne. Kiwandani kwao walikuwa wamegawiwa fulana na kofia za maandamano, na bango la kuwashukuru wakubwa lilikuwa limekwisha kuandikwa. Wakati huohuo walikuwa wanadai mishahara ya miezi mitatu. Swali lake lilikuwa fupi: "Padre, ni dhambi kutembea nyuma ya bango linalosema uongo? Na nikibaki nyumbani nikafukuzwa kazi, wanangu watakula nini?" Nilimpa jibu la haraka ambalo mimi mwenyewe halikuniridhisha. Tangu siku ile nimekuwa nikiirudia habari ya wafanyakazi wa Polandi, ambao waliulizana swali hilohilo kwa miaka kadhaa, nao wakalijibu kwa miguu yao.

Tukumbuke kwanza chimbuko la siku yenyewe. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 8, na siku tatu baadaye damu ilimwagika huko Chicago. Mwaka 1889 mkutano wa vyama vya kisoshalisti uliofanyika Paris uliichagua tarehe hiyo iwe ya wafanyakazi wa dunia nzima. Kwa muda mrefu Wakatoliki wengi waliitazama kwa mashaka, kama siku ya watu wasiomjua Mungu. Papa Pius wa 12 hakutaka kuwaachia wengine siku hiyo. Mwaka 1955, akizungumza na wafanyakazi Wakristo wa Italia, aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Huenda hata yeye hakutazamia kwamba siku moja sikukuu hiyo ingewapa watu wa nchi ya kikomunisti sababu ya kukusanyika kanisani asubuhi ileile ambayo serikali iliwahitaji barabarani.

Maana huko Polandi chama kilitawala kwa jina la wafanyakazi, na Mei Mosi ilikuwa sikukuu yake kuu. Jukwaa lilipambwa, viongozi walisimama juu yake, na viwanda vilipita mbele yao kimoja baada ya kingine. Mwezi Agosti 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk waligoma, wakiongozwa na fundi umeme Lech Wałęsa. Mapatano ya tarehe 31 Agosti yakazaa chama huru cha wafanyakazi, Solidarność, yaani Mshikamano, ambacho katika muda mfupi kilikuwa na wanachama wapatao milioni 10. Wenye mamlaka hawakuweza kuvumilia kwa muda mrefu wafanyakazi wanaojisemea wenyewe. Tarehe 13 Desemba 1981 Jenerali Wojciech Jaruzelski alitangaza hali ya vita. Maelfu waliwekwa kizuizini, Wałęsa akiwa mmoja wao, na siku tatu baadaye wachimbaji 9 wa makaa ya mawe waliuawa kwa risasi katika mgodi wa Wujek.

Hivyo Mei Mosi ya mwaka 1982 ilipokaribia, kila nyumba ilikuwa na swali la yule baba wa watoto wanne. Kwenda kuandamana mbele ya jenerali aliyewafunga wenzako? Kubaki nyumbani? Jijini Warsaw wengi walikwenda Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane, kwenye mji mkongwe, na baada ya Misa hawakurudi nyumbani. Makumi ya maelfu walitembea barabarani katika maandamano yao wenyewe, na kwa sehemu kubwa siku hiyo ilipita kwa amani. Gdańsk nako umati ulijitokeza. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, ambayo ni kumbukumbu ya katiba ya mwaka 1791 na sikukuu ya Bikira Maria Malkia wa Polandi, watu walitoka tena. Safari hii polisi wa kutuliza ghasia waliwakabili kwa virungu, mabomu ya machozi na mabomba ya maji.

Ndugu zangu, tusiipambe historia. Kanisa lenyewe halikuwa na sauti moja. Mwadhama Józef Glemp, Askofu Mkuu wa Warsaw, katika mahubiri ya siku ileile ya tarehe 13 Desemba aliwasihi watu wasipigane ndugu kwa ndugu, akaweka uhai wa watu mbele ya yote. Redio ya serikali ikayarudia mahubiri hayo kwa furaha. Baadhi ya mapadre wake walimwona mpole kupita kiasi. Katika parokia ya Mtakatifu Stanisław Kostka, Padre Jerzy Popiełuszko alikuwa akiadhimisha kila mwezi Misa kwa ajili ya Taifa, akiwafundisha wafanyakazi kuushinda uovu kwa wema, kama asemavyo Mtume Paulo. Nilipokuwa seminarini nilimhukumu Kardinali Glemp upesi mno. Leo nina waamini ninaowajua kwa majina na nyuso, na sina tena uhakika huo. Mwaka 1983, siku ya Mei Mosi, watu waliandamana tena katika miji mingi. Huko Nowa Huta, mji wa viwanda uliojengwa kwa makusudi bila kanisa, mfanyakazi Ryszard Smagur alipigwa shingoni na kombora lililofyatuliwa na polisi, akafa. Kardinali aliogopa jambo la kweli.

Lakini tukio ninalolipenda zaidi ni la Gdańsk, tarehe 1 Mei 1984. Wałęsa alikuwa amekwisha kuachiliwa, amerudi kazini, na mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ambayo mke wake alikwenda kuipokea. Siku hiyo yeye na wenzake hawakususia maandamano ya serikali, wala hawakuanzisha mengine pembeni. Waliingia katika maandamano rasmi, katikati ya wale walioletwa na viwanda vyao. Walipofika mbele ya jukwaa, Wałęsa aliwatazama wakubwa, akainua vidole viwili, ishara ya ushindi. Baadaye polisi waliwatawanya wafuasi wa Mshikamano, ila wakubwa walikuwa wamekwisha kuona.

Hakurusha jiwe. Alifanya kile ambacho sherehe yenyewe ilisema inafanya, yaani mfanyakazi kupita mbele ya viongozi wake.

Miezi michache baadaye, tarehe 19 Oktoba 1984, Padre Popiełuszko alitekwa na kuuawa na maofisa wa usalama wa taifa. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 2010. Tarehe 4 Juni 1989 wananchi walipiga kura, na Mshikamano ukashinda karibu viti vyote ulivyoruhusiwa kugombea. Jenerali Jaruzelski aliaga dunia mwezi Mei 2014. Aliombewa Misa ya mazishi katika kanisa kuu la jeshi jijini Warsaw, huku wapinzani wake wakipiga kelele kwa hasira iliyokuwa bado haijapoa. Wałęsa alikuwemo ndani ya kanisa.

Nimemsimulia yule baba habari hii, kwa kuwa nilikuwa na deni la jibu. Alisikiliza, akauliza kama Wałęsa alifukuzwa kazi. Nilimwambia kwamba ndiyo, aliwahi kufukuzwa, mwaka 1976, na tena si mara moja tu katika miaka ile. Alitikisa kichwa, akaniaga. Siku ya Mei Mosi nilimwona katika Misa ya saa 12 asubuhi, amevaa fulana ya kiwanda. Mishahara miwili wamekwisha kulipwa; wa tatu bado wanaudai.