Lego za anga: namna wakusanyaji wanabahatisha seti zenye kuja
Lego ni vipande vya plastiki vya kujengea, vyenye kutoka inchi ya Denmark. Wenye kukusanya seti za anga wanabahatisha zenye kuja kwa kuangalia miaka ya ukumbusho. Mwaka 2019, miaka 50 kisha watu kufika mwezini, ikatoka seti ya chombo kilichowatua huko. Mwaka 2021, miaka 40 kisha safari ya kwanza ya vyombo vya Marekani vyenye kuruka na kurudi, ikatoka Discovery.

Lakini kubahatisha kunakula pesa. Roketi Saturn V ya 2017, vipande 1,969 sawa na mwaka wa kufika mwezini, iliisha madukani, bei ikapanda kwa wauzaji. Kumbe mwaka 2020 kampuni ikaitoa tena, ile ile. Kuisha dukani si kuisha kabisa.