Hesabu ya Pauni Mbili

Katika mwaka wa 1907, zama ambazo motokaa ilikuwa bado ni mchezo wa matajiri, na mwenye kusafiri nayo hakuthubutu kutoka nyumbani ila amejizatiti kwa mfuko wa vyombo na subira nyingi, kampuni changa ya Rolls-Royce ya Manchester ilijitokeza na dai ambalo wengi waliliona kuwa ni majivuno matupu: ya kwamba gari lake laweza kwenda usiku na mchana bila ya kuharibika. Aliyelipanga jambo hilo hakuwa Henry Royce, fundi aliyelibuni gari, wala Charles Rolls, kijana wa ukoo wa kikabaila aliyeliuza, bali Claude Johnson, msimamizi wa biashara, aliyetambua mapema kuliko wenziwe kwamba mkwasi hachoki kutoa fedha, ila huchoka kusimama njiani akitazamwa.

Johnson alitwaa gari moja lenye nambari AX201, akaamrisha lipakwe rangi ya fedha, akaliita Silver Ghost, jina ambalo hatimaye lilienea kwa magari yote ya aina ile. Kisha likapelekwa baina ya London na Glasgow, likenda na kurudi mara kwa mara, chini ya uangalizi wa Royal Automobile Club, chama ambacho, ni vyema msomaji akumbuke, Johnson mwenyewe aliwahi kuwa katibu wake. Lilipofikia maili 629, bilula ya petroli ilijifunga kwa mtikiso wa njia, gari likasimama kwa muda usiotimia dakika moja. Na baada ya hapo likaenda maili 14,371 pasina mtambo wake kulisimamisha tena. Zilipotimia maili 15,000, gari lilifunguliwa kipande kwa kipande, kila kilicholika kikapimwa, na hukumu ikatolewa kwamba kulirejesha katika upya wake kulihitaji vipuri vya pauni 2, shilingi 2 na peni 7.

Hesabu hiyo ilitangazwa kwa mbwembwe, nami sina sababu ya kuitilia shaka. Lakini ilikuwa ni hesabu ya vyuma tu. Mipira ya magurudumu haikuwamo, ilhali katika siku zile mipira ndiyo iliyomla mwenye gari kuliko petroli, kwa kuwa ilipasuka ovyo na maisha yake yalikuwa mafupi mno. Wala bei ya gari lenyewe haikuwamo: karibu pauni 1,000 zilinunua chasisi na mtambo peke yake, na bodi ikabidi iagizwe mbali kwa mafundi kama Barker wa London, waliorithi kazi yao kutoka katika mabehewa ya farasi.

Na juu ya hayo yote palikuwa na dereva. Gari lile lilikuwa na maungio mengi yaliyohitaji kutiwa mafuta kwa mkono, na bwana mwenyewe, madhali hakulinunua ili achafue mikono yake, alimwachia kazi hiyo mtumishi mwenye mshahara na sare, na aghalabu mwenye chumba cha kulala karibu na banda. Kampuni ilijua vyema mahali udumifu wa gari ulipolala, ikaanzisha chuo cha kuwafundisha madereva wa wateja wake. Kwa hiyo sehemu moja ya sifa iliyompata Royce ni haki ya watu hawa, ambao majina yao hayakuandikwa katika tangazo lolote.

Si kwamba gari halikuwa na taksiri. Mwaka 1912, katika mashindano ya milima ya Alpi, gari la James Radley lenye gia tatu lilishindwa kuupanda mlima wa Katschberg huko Austria, aibu iliyowafanya mafundi wa Derby, ambako kiwanda kilikuwa kimehamia, waongeze gia ya nne na kurudi mwaka uliofuata kwa ushindi. Vita vilipozuka, chasisi zile zile zikavikwa mabamba ya chuma, na baadhi yake zikafika hata kwetu, zikapigana mwaka 1916 upande wa Taveta na Kilimanjaro, mpaka masika yalipozigeuza njia kuwa tope, jambo ambalo hakuna mtu wa Derby aliyelitia katika hesabu zake.

AX201 liliuzwa mwaka 1908, likakaa kwa mwenyewe miaka mingi, na mwaka 1948 likarejea mikononi mwa kampuni. Aina yake ilitengenezwa tangu 1906 hata 1926, jumla ya magari takriban 7,800. Na kwa insafu yangu, katika magari ya fahari ya zama zile hakuna lililostahiki bei yake zaidi ya hilo, kwa sharti kwamba mnunuzi awe na uwezo wa kumlipa dereva.